Kiwanja Kisicholipiwa Pango

Oktoba 8

Bwana Nunokawa, mhasibu wetu, ameniagiza niandike kila siku kama tumefungua bafu letu la umma. Neno moja linatosha, kasema, mradi liwe la kweli. Nilipomuuliza kwa nini, aliweka chai yake chini akanieleza polepole, kama daktari anayemwandaa mgonjwa. Baba alifariki Aprili. Sheria inatupa miezi kumi ya kulipa kodi ya urithi, mpaka Februari 14. Ardhi ya Tokyo haishikiki kwa bei, hata huku kwetu kwenye vichochoro. Lakini mrithi akiendeleza kazi ya marehemu mpaka siku hiyo, ardhi ya biashara huhesabiwa kwa moja ya tano tu ya bei yake.

"Na tukifunga kabla?"

"Nafuu inapotea, Bi. Orie. Hapo itabidi muuze bafu ili kulipa kodi ya bafu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ni kijana mwenye adabu nyingi, shingo nyembamba, na nadhani ananiogopa kidogo.

Basi, tumefungua. Saa tisa na nusu alasiri, kama ilivyokuwa tangu babu yangu alipoijenga Shiranami. Lakini kuandika neno moja tu siwezi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha juu pale mlangoni, kati ya upande wa wanaume na wa wanawake, tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Anayekaa pale hajui kunyamaza.

Oktoba 9

Tumefungua. Mvua. Watu wachache, viatu vimelowa.

Oktoba 10

Tumefungua.

Oktoba 14

Jumatatu, siku yetu ya mapumziko. Nunokawa amekuja na ramani akaitandaza juu ya meza ya kukunjia nguo. Kumbe tuna vipande viwili. Cha mbele ni bafu lenyewe, hicho kina nafuu. Cha nyuma ni kiwanja, na huko ndiko kwenye balaa.

Nitaandika habari za kiwanja hicho, maana leo nimekikumbuka kutwa nzima. Nilipokuwa mdogo kilijaa kuni hadi juu ya kimo cha mtu. Mafundi seremala wa mtaa mzima walimletea Baba mabaki ya mbao, naye aliyapanga yakauke: mbao za nguzo huku, makapi kule, vipande vya mwerezi pembeni kwa siku za sherehe kwa sababu ya harufu yake. Jioni alikuwa akinusa moshi wetu mwenyewe na kusema, "Leo tunachoma nyumba ya mwalimu." Maana yake nyumba ya mwalimu ilikuwa ikikarabatiwa. Tulicheka kila mara, mimi na mdogo wangu Tadamasa, ingawa mzaha ulikuwa ule ule.

Kisha majirani wakajenga nyumba mpya na kuanika nguo zao karibu. Bibi Fusa Tamaki, mteja wetu wa kwanza kila siku, alikuja siku moja na shuka jeupe lenye vidoadoa vya masizi. Alilitandaza mbele yangu tu, akalikunja, akaingia kuoga. Baba aliinamisha kichwa mpaka alipopita. Mwezi uliofuata tukaanza kutumia gesi. Kiwanja kikabaki kitupu, na masika yaliyofuata Baba akawaambia wale wale waliolalamikia moshi: njooni mpande mboga. Bure.

"Kama kuni zingekuwepo bado," akasema Nunokawa, "kiwanja kingehesabiwa kuwa sehemu ya biashara. Kama angemwaga kokoto au lami akakodisha magari yaegeshwe, kingepata nafuu ya nusu. Lakini ni udongo mtupu, na hakuna pango. Kinahesabiwa bei kamili, kana kwamba kesho ghorofa inasimama pale."

"Yaani Baba angewatoza majirani, angepunguziwa?"

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa hakuwatoza, tunatozwa sisi?"

Alikunywa chai kwanza. "Ukitaka kusema hivyo, ndiyo."

Wema hauozi, wanasema watu. Hawakusema kwamba hautozwi kodi.

Oktoba 15

Tumefungua.

Oktoba 20

Tumefungua. Nimempigia simu Tadamasa, Tada wetu, yuko Nagoya, kastaafu mwaka huu kwenye kampuni ya bima. Nunokawa anasema bila makubaliano ya mgawanyo yenye mhuri wa ndugu yangu, nafuu ya bafu haipo hata nikifungua mchana na usiku. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu. Sheria yetu inasema asiyekuwapo lake ni nusu.

"Nitakuja, Dada," alisema. "Usitie mhuri wowote kabla sijafika."

Sikuipenda hiyo sauti.

Oktoba 27

Tumefungua. Mume wangu, Heisaku, kabadilisha vigae vitatu upande wa wanaume. Nilimuuliza anafikiri nini kuhusu Tada. Akasema, "Gundi hii haikauki upesi." Ndiye mwanamume niliyeolewa naye.

Novemba 3

Tumefungua.

Tada alifika asubuhi amevaa koti zuri la kijivu. Alifukiza ubani mbele ya picha ya Baba, akakaa kidogo, akaenda nyuma. Nilimwona kupitia dirisha la chumba cha boila: anapima kiwanja kwa hatua, kutoka ukuta hadi ukuta, akipita katikati ya matuta ya kabichi, akipiga picha kwa simu. Bibi Fusa alikuwepo anapalilia figili zake. Alimwinamia. Tada akamwinamia.

Kisha akarudi akakaa jikoni.

"Dada, wewe chukua bafu. Mimi nataka kiwanja cha nyuma."

"Chote?"

"Chote."

"Utakifanya nini?"

"Nitauza."

"Na mboga za watu je?"

"Mboga zinang'olewa."

Mimi nina hasira za karibu, watu wote wanajua. Nikamwambia, "Umekaa Nagoya miaka arobaini na zaidi, hujamwosha Baba mgongo hata mara moja katika uzee wake, leo unakuja kuchagua nyama na kuniachia mifupa? Bafu hili halina faida. Boila ina umri wa mbwa mzee. Kiwanja ndicho pesa."

"Ndiyo maana nakitaka," akasema.

Heisaku alinyanyuka akaenda zake kwa boila. Hupenda kufanya hivyo.

Nilimwambia Tada akaoge, maji yalikuwa tayari. Akakataa, kasema ana chumba hotelini karibu na stesheni. Huko kuna bafu la plastiki la kukunja magoti mpaka kidevuni. Mtoto wa Shiranami!

Ninajua kwa nini hapendi. Shuleni walimwita Mtoto wa Maji ya Watu. Walisema anaoga maji yaliyobaki na uchafu wa mtaa mzima, na kweli sisi wa nyumbani tulioga mwisho, wateja wakishaondoka. Mimi nilipigana na waliosema. Yeye alihesabu siku za kuondoka.

Novemba 4

Mapumziko. Sikulala vizuri.

Novemba 9

Tumefungua.

Novemba 10

Tumefungua. Baridi imeanza, wazee wanakaa majini mpaka wanakuwa wekundu kama kaa.

Novemba 17

Tumefungua. Nimewaambia wenye bustani kwamba kiwanja kitauzwa, na kwa nini kodi yake ni kubwa. Nilidhani watalia au watanitukana, ningejua la kufanya. Badala yake waliniomba radhi wao, mmoja mmoja, kwa kunisumbua miaka yote hiyo. Bibi Fusa pekee ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo kama msingeacha kuni?"

Uso wangu haujui kuficha, nao ndio uliomjibu.

Novemba 18

Mapumziko.

Novemba 19

Tumefungua. Bibi Fusa hakuja.

Novemba 20

Tumefungua. Hakuja. Sanduku la viatu namba saba, ambalo ni lake tangu mumewe alipokuwa hai, limebaki na ufunguo wake wa mbao. Kijana mmoja mgeni alitaka kuuchukua, nikamwambia limeharibika.

Novemba 24

Tumefungua. Hakuja.

Desemba 1

Tumefungua, lakini yaliyotokea kabla ya kufungua ndiyo ya kuandika.

Adhuhuri Nunokawa alikuwa jikoni ananieleza fomu. Mlango wa nyuma ukagongwa. Walikuwa wenye bustani, sita, wamevaa nguo nyeusi rasmi kana kwamba Baba amekufa mara ya pili. Mbele yao Bibi Fusa. Wakapanga viatu, wakapiga magoti kwenye mkeka, na kila mmoja akasukuma mbele fungu la bahasha nyeupe lililofungwa vizuri kwa uzi wa karatasi, jina limeandikwa kwa brashi.

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Pango," akasema Bibi Fusa. "La miaka yote. Tumechanga. Kila bahasha ina mwaka wake."

Nunokawa aliinuka nusu, akakaa. "Samahani, mama zangu na baba zangu. Pango lilikuwepo?"

"Sasa lipo."

"Na tarehe hizi juu ya bahasha…"

"Nimeandika kwa wino wa zamani," akasema mzee mmoja, fundi wa mikeka, kwa fahari. "Haujulikani."

Masikini Nunokawa. Shingo yake nyembamba ikawa nyekundu hadi masikioni. Aliwaambia kwa heshima zote kwamba akizipokea bahasha zile, yeye anapoteza leseni, mimi napelekwa mahakamani, na wao ni mashahidi wa uongo. Wazee sita waliokaa kama wako hekaluni wakatazamana. Nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda treni bila tiketi.

"Basi tuache pesa," akasema Bibi Fusa. "Andika figili."

"Figili?"

"Kila vuli tulimpa baba yako, Yasujiro-san, figili. Kabichi. Vitunguu. Mimi mwenyewe nilimpa kapu zima kila Desemba. Mtu akipewa kitu kwa ajili ya ardhi yake, hilo si pango?"

Hapo nilimwona Nunokawa akibadilika. Alitoa kalamu. Akaanza kuuliza kwa makini, kapu lina ukubwa gani, nani alileta nini, kulikuwa na ahadi au ilikuwa hiari. Wakamjibu kwa pamoja, wakabishana kuhusu mwaka ambao panya walikula viazi. Nikajiona nimekaa naamini kwamba figili zitaokoa kiwanja.

"Na marehemu," akauliza Nunokawa mwishoni, "alipopokea alifanya nini? Alishukuru tu?"

Kila mtu chumbani alijua jibu, na kila mtu alijua pia ni jibu baya. Kwetu mtu hapokei bila kurudisha, angalau nusu. Na Baba hakuwa mtu wa nusu.

"Alitupa tiketi za kuogea," akasema fundi wa mikeka, sauti ndogo.

"Ngapi?"

"Bunda zima. Kila nyumba."

Nunokawa alipiga hesabu kidogo pembeni ya karatasi, kisha akaweka kalamu chini taratibu sana. "Figili ziko bei gani… samahani. Kusema kweli, tiketi zilizidi mboga. Kwa macho ya sheria, marehemu ndiye aliyekuwa akiwalipa ninyi ili mtumie kiwanja chake."

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia. Bibi Fusa akanitazama kwa ukali, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika, na mwisho tulicheka wote, hata Nunokawa, tukifuta macho kwa mikono ya nguo zetu. Baba, Baba! Mtu mjinga wee, jinsi ulivyokuwa mjinga, na jinsi ninavyokukumbuka.

Waliondoka na bahasha zao. Saa tisa na nusu Bibi Fusa alikuwa mlangoni na beseni lake. Akafungua sanduku namba saba.

Desemba 2

Mapumziko. Pua inanitiririka.

Desemba 8

Tumefungua. Bibi Fusa kaniambia nikiwa namsugua mgongo: "Lile shuka lilikuwa kuukuu hata hivyo. Ningelinyamazia." Nikamwambia asiongee, sabuni itamwingia mdomoni.

Desemba 12

Tumefungua. Pampu ya maji ilikufa adhuhuri. Heisaku aliingia chini ya sakafu akatoka saa tisa, ametapakaa matope, anachechemea. Tulifungua na hodhi moja kubwa tu, upande mmoja, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Wanaume walisubiri nje kwenye baridi wakiimba nyimbo za kijinga. Nimeandika: tumefungua.

Desemba 21

Tumefungua. Leo ndiyo siku fupi kuliko zote, siku ya kuoga na machungwa ya yuzu. Majirani walileta mifuko, tukayamimina majini yakaelea kila mahali, watoto wakarushiana, na nyumba nzima ikanukia. Mwaka jana Baba alikaa kwenye kigoda pale mlangoni akimpa kila mtoto tunda la kwenda nalo nyumbani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na yalikuwa yakimdondoka, na watoto waliyaokota wakajifanya wamepewa.

Tada alikuja na mhuri wake ndani ya kimfuko cha hariri. Tulikaa jikoni, Nunokawa katikati. Bafu langu, kiwanja chake.

"Unataka nikufafanulie kodi inavyogawanyika?" Nunokawa akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Sitaki kujua yeye anabaki na ngapi."

Nunokawa alimtazama Tada. Tada alitikisa kichwa kidogo. Niliona, nikadhani ni aibu. Nikagonga mhuri wangu kwa nguvu mpaka meza ikalia, nikarudi kwenye kiti changu cha juu bila kumuaga. Alipotoka alipita mbele yangu. Mtoto mmoja alikuwa amemshikisha yuzu, na hakujua aliweke wapi.

Desemba 22

Tumefungua.

Desemba 30

Ingawa Jumatatu, tumefungua, mwaka unaisha na watu wanataka kuuingia mwingine wakiwa safi.

Januari 2

Tumefungua tangu asubuhi, kama desturi. Maji ya kwanza ya mwaka. Hakuna salamu kutoka Nagoya ila kadi yenye picha ya nyoka, mnyama wa mwaka huu. Nilisema kadi inafanana na aliyeituma. Heisaku kasema, "Orie." Jina tu, basi. Lakini husema mara chache sana, hata nikaona haya.

Januari 11

Tumefungua. Wameng'oa bustani. Ardhi ilikuwa imeganda juu, wakaimwagia maji ya moto kutoka kwetu. Fundi wa mikeka aling'oa vijiti vya maharage, akavifunga, akauliza aviweke wapi, na hakukuwa na pahali. Bibi Fusa ana miaka themanini na minne, alivuta figili ya mwisho mwenyewe akakataa kusaidiwa. Ilikuwa imepinda. Alisema hizo ndizo tamu. Nimeipika na samaki, nimeshindwa kula.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tumegombana, na waliochukua kapu ni wengine.

Januari 19

Tumefungua. Wapimaji wamepigilia vigingi vyekundu. Mnunuzi ni kampuni ya nyumba za kupangisha. Ghorofa sita. Kila chumba na bafu lake.

Januari 20

Mapumziko. Nimekwenda nyuma kusimama tu. Hakuna harufu ya kuni, hakuna harufu ya udongo. Nilijaribu kumkumbuka Baba akinusa moshi, na nilimpata vizuri, kofia yake na taulo lake shingoni, lakini pembeni yake alikuwepo pia Tada, mdogo, amebeba kipande cha mwerezi kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga. Nilikuwa nimemsahau huyo.

Januari 26

Tumefungua.

Februari 1

Tumefungua. Theluji kidogo. Haikukaa.

Februari 7

Tumefungua. Nimejua jambo, na sijui niliandike kuanzia wapi.

Nunokawa alileta marejesho ya kodi niyagonge mhuri. Safari hii nilisoma kwa sababu miwani nilikuwa nayo mkononi. Kodi yangu mimi ilikuwa ndogo. Nilidhani wamekosea, wameacha sifuri. Kodi ya Tada ilikuwa milioni nyingi mno.

"Mbona hivi?" nikauliza.

Nadhani aliamua kwamba ananiogopa mimi zaidi kuliko anavyomwogopa Tada.

"Bi. Orie, kodi inagawanywa kwa thamani baada ya nafuu. Bafu lako limehesabiwa moja ya tano, kwa hiyo unaonekana umerithi kidogo. Kiwanja hakina nafuu, kwa hiyo aliyechukua kiwanja anaonekana amerithi sehemu kubwa. Anabeba sehemu kubwa ya kodi."

"Lakini kiwanja kina pesa nyingi kuliko bafu."

"Kwa soko? La. Ardhi ya bafu ina thamani mara mbili. Ndugu yako amechukua kipande kidogo na kodi kubwa. Na kwa kuuza kuna kodi nyingine tena." Alivua miwani. "Oktoba nilimweleza haki zake. Angeweza kudai nusu ya kila kitu. Angeweza kukuachia bafu halafu akudai ulipe nusu ya thamani yake, taslimu. Wengi hufanya hivyo, ndivyo mabafu yanavyofungwa. Mngelazimika kuuza. Aliniuliza swali moja tu: mgawanyo upi unaacha moto ukiwaka? Nilipomwambia, aliniomba nisikueleze."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utakataa, na mtagombana mpaka Februari ipite."

Ni kweli ningekataa. Ananijua, yule nyoka. Na mimi niliyemwita hivyo nilikuwa nimekaa juu ya kiti cha juu miezi yote, nikidhani naona pande zote mbili.

"Anabaki na kiasi gani?"

"Kitabaki kitu. Si kikubwa."

Nilimpigia simu jioni, kelele za mabeseni nyuma yangu. Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Umekula?" Akasema amekula. Nikasema, "Njoo tarehe kumi na nne." Akasema, "Kuna nini?" Nikasema, "Njoo tu, mpumbavu wee," na nikaanza kulia mbele ya wateja, wanaume kwa wanawake, wote wakinitazama kutoka pande zao.

Februari 8

Tumefungua.

Februari 9

Tumefungua.

Februari 14

Tumefungua.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya kodi watatu, mimi, Tada na Nunokawa, tukapeleka karatasi na kulipa. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua samaki. Nje Nunokawa aliinama sana.

"Bi. Orie, masharti yameisha. Kuanzia kesho mnaweza kufunga, kuuza, kufanya mnalotaka. Hamlazimiki tena. Wala kuandika hulazimiki."

Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Tangu nizaliwe sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba ninaruhusiwa kufunga. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na Heisaku aliponiona akauliza kama naumwa.

Tada alilala kwetu, chumba cha Baba.

Februari 15

Silazimiki kuandika, naandika.

Mchana, maji yakiwa yamejaa na hakuna aliyeingia bado, Heisaku alitoka kwa boila akasema, "Ingieni kwanza nyinyi wawili." Nilimwambia ana wazimu. Maji ya kwanza ni ya wateja. Katika nyumba hii hakuna wa familia aliyewahi kuyagusa, hata Baba, hata akiwa na homa. Heisaku akarudia: "Ingieni." Kisha akasimama mlangoni amekunja mikono, na ikawa ameamua.

Basi Tada akaingia upande wake, mimi wangu. Maji yalikuwa makali, safi, hayajavunjwa na mtu, nikaona vidole vyangu vya miguu chini kabisa. Ukuta kati yetu haufiki darini. Nilimsikia akishuka, akivuta pumzi kwa meno kama Baba.

"Dada."

"Ee."

"Hivi ndivyo yalivyokuwa? Wale watoto wote walikuwa wakioga maji kama haya?"

"Hivi hivi."

Mvuke ulipita juu ya ukuta kutoka kwake kuja kwangu.

"Walikuwa na bahati," akasema.

Nikasema kwa sauti kubwa, maana ukuta ni ukuta, "Tada, nilikuwa nikikuchukia tangu Novemba. Nisamehe. Na asante."

"Najua ulikuwa ukinichukia. Uligonga mhuri mpaka chai yangu ikamwagika." Nikamsikia akijimwagia maji kichwani. "Yule mhasibu kasema sasa unaruhusiwa kufunga. Uko huru. Ghorofa inakuja na mabafu yake. Heisaku anachechemea. Ningekuwa wewe ningefunga. Sikulipa ili uteseke, Dada, nililipa ili uchague mwenyewe. Utafunga?"

Nilitazama saa ya ukutani, nikaona imekaribia saa tisa na robo, na nje nilisikia mabeseni ya watu yakigongana na Bibi Fusa akimkemea mtu kwa kuruka foleni.

"Toka upesi," nikamwambia. "Ukaushe sakafu ukitoka, wateja wasiteleze."